Macho ya Mama

Urambo, Jumanne, 1975

Na bado tunaitana ndugu! Leo mkutano umemfukuza mama yangu kijijini. Eti ni mchawi, kwa sababu macho yake ni mekundu.

Mekundu kwa moshi! Si wao wenyewe waliompa kazi ya kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku, walipoona hawezi tena jembe?

Nikamuuliza mwenyekiti kama hakuna sheria ya kumlinda mzee. "Iliyopo ni ya kuhamia vijijini, dada. Hiyo yako haijaletwa."

Nimemfungia mama mzigo aende Bukene kwa kaka yake. Mlangoni akageuka, akalitazama bani.

"Leo nani atachochea moto, mwanangu? Tumbaku ya watu itaharibika."