Amplifaya ya Baba na Stabilaiza ya Elia

Jumapili jioni

Eti sauti chafu! Kaka Elia, mpiga kinanda wa kwaya yetu, ndiye kasema, baada ya kusikiliza sauti ya gitaa niliyoinakili kwenye kompyuta kutoka amplifaya ya marehemu baba, ile ya kizamani inayokuza sauti kwa taa za kioo, aliyoibadilisha mwenyewe. "Dada, rudia na stabilaiza yangu, isawazishe umeme. Wetu mdogo."

Nimerudia. Imetoka safi, na baba hayumo.

Baba alipiga gitaa jioni, mashine ya kupasulia mbao ikiunguruma bondeni na kuvuta umeme, umeme ukishuka na amplifaya ikikwaruza kwa utamu. Sasa taa zake zinachoka. Naogopa zitakufa kabla sijamaliza kuihifadhi sauti hiyo.

Stabilaiza nimeichomoa. Kesho mashine ya mbao ikiwashwa, nanakili upya. Elia akitaka usafi, afue majoho ya kwaya.