Mipaini Yako na Uwanja Usiofagiwa

Tinde, Shinyanga.
14 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Masalu,

Mwangaluka! Marahaba nakutangulizia, maana najua umeniamkia huko huko Mufindi. Hujambo? Kifua kimepona na ile baridi? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua, na nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja.

Ile miche minne ya mipaini uliyonitumia kwa basi, miwili ilikufa mwaka ule ule. Iliyobaki, huku na huku ya mlango, imenipita kimo. Naimwagilia kila jioni, hata maji ya kunywa yakiwa ya shida. Sina mwingine wa kumhudumia.

Mwezi wa sita ikaanza kuwa ya njano. Nililia, Masalu, sikufichi. Nikamwita Gregory, bwana miti wetu. Akainama, akaguna, akaniuliza majani yanayodondoka huwa nayapeleka wapi. Nikamwambia nayafagia kila alfajiri, kama mama alivyotufundisha. Kumbe hilo ndilo kosa! Yale majani membamba ndiyo blanketi la mizizi, yanashika unyevu. Akasema niyaache yalale hapo hapo.

Wewe unajua kwetu uwanja usiofagiwa maana yake nini. Ni msiba, au mgonjwa mahututi. Niliona aibu, lakini nikauficha ufagio ndani.

Siku ya tatu akaja jirani yangu, Mama Vumilia, kajitanda khanga, uso kauinamisha. Akauliza taratibu, "Dada Justa, nani ametutoka?" Kesho yake wakaja wengine watatu, mmoja kabeba unga wa msiba. Nikawaeleza habari ya miti, tukacheka mpaka machozi, tukausonga ule unga ugali, wakakaa hadi jioni. Tangu mama azikwe, miaka mitatu nimefagia uwanja ukang'aa, na hakuna aliyeingia.

Sasa mipaini imerudi kijani. Ila watu wameshazoea, hawaulizi tena. Hilo ndilo linalonitisha, mdogo wangu. Siku nikilala nisiamke, watapita barabarani wakisema ni majani ya Masalu yale.

Njoo, hata kwa siku mbili. Tutafagia njia ya katikati tu, wajue nyumba hii ina watu.

Nisalimie wifi yangu Nelly, na Donatus mwambie shangazi anamuulizia. Mungu akulinde na miti inayoanguka huko msituni, akufikishe mlangoni hapa salama.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Justa