Biskuti za Pembeni ya Shimo

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Bukavu tuko wazima. Bibi yako anakohoa kidogo, na mvua imeharibu tena barabara ya Nyantende. Unauliza napenda biskuti gani, ili uninunulie huko Ulaya.

Nikiwa kijana, redio niliyoifanyia kazi ilinituma kuchukua habari Kamituga, ambako shimo la dhahabu lilikuwa limeporomoka. Pembeni yake mama mmoja alikuwa anaoka biskuti za mahindi katika sufuria, makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Mwanawe alifukiwa humo. Kila siku kijana huyo alikuwa akishuka shimoni na biskuti hizo mfukoni.

“Maman, pumzika kwanza,” wachimbaji walimwambia.

“Atatoka na njaa. Ninyi muchimbe tu!”

Jioni walimtoa akiwa amekufa. Mama akamfunika kwa kitenge chake, kisha akawagawia biskuti wale waliochimba. Akanipa na mimi.

“Kula, papa. Zinapoa.”

Nilikula. Sijaonja tena biskuti tamu kama ile, na hilo sikulisema redioni.

Nunua yoyote, mjukuu wangu. Lakini mtu akikuokea kwa mikono yake, kula ingali moto.

Babu yako