Mkwe wa Kwenye Chungu

Ibaba, Ileje,
14 Septemba 2025.

Mpendwa mwanangu Ipyana,

Pokea salamu za huku Ibaba pamoja na baridi yake iliyobaki. U hali gani huko Uswisi? Na mke wako Marlis, hajambo? Anakula vizuri? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto bado linatabiri mvua na bado linakosea. Baba yako ni mzima, na ubishi wake pia ni mzima.

Utashangaa shangazi anaandika barua wakati simu ipo. Baba yako simu huiweka spika, akapiga kelele mpaka majirani wanaitikia. Haya ninayokuandikia yanamhusu yeye, kwa hiyo tulia usome.

Habari yenyewe ni ile miti miwili mliyotuachia, ile mliyoiita lachi, yenye majani membamba kama sindano, mmoja kwa baba yako na mmoja kwangu, kila mmoja kwenye chungu chake. Unakumbuka alivyonuna siku ile? Ulimwomba baraka ya ndoa yenu, naye akaunyooshea kidole mti wake pale mlangoni: "Huyo naye katoka Ulaya. Akiweza kuishi Ibaba, nitawabariki. Akifa, msiniulize." Wewe ulicheka. Mimi sikucheka, maana kaka yangu Boazi namjua tangu tukigombania ukoko.

Mlipoondoka tu, mama yako Dina akaupa ule mti jina la Mkwe, kwa utani wake. Lo, kosa hilo! Si unajua kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso mpaka baba mkwe atoe zawadi ya kumfungulia? Wengi siku hizi wameilegeza mila hiyo, lakini baba yako kulegeza jambo hajui. Akaanza kupita mlango wa jikoni. Mzee wa kanisa mzima, anazunguka nyumba yake mwenyewe, kofia mkononi, anakohoa kwanza asije akakutana na mti!

Mwezi wa sita baridi ilipokaza, Mkwe akaanza kugeuka manjano. Nikasema ni kiu, kwa sababu mwenye nyumba anamkimbia. Nikajisifu kabisa kwamba wangu nauogesha asubuhi na jioni. Haikupita wiki, wangu nao manjano! Ukiugusa tu, sindano zinamwagika. Mmoja mkavu, mwingine umelowa chapachapa, na ugonjwa ni ule ule. Hapo nikajua maji hayana kesi.

Bwana shamba Osea alikuja, akachunguza, akasema ni njaa ya mbolea. Tukaweka samadi, sindano zikazidi kuanguka. Mama yako akahisi wadudu, akapuliza maji ya pilipili. Mdudu hakuonekana, ila mbwa alipiga chafya mpaka jioni. Mwisho tukamwita Lwitiko, yule jirani mwenye shamba la mipaina. Akatikisa kichwa. Akasema mti wa sindano hauvui majani yote hata siku moja, ukivua ujue umekufa, na vijiti vile vingefaa kuwashia moto.

Mama yako alilia. Na mimi nililia, usimwambie mtu. Kila asubuhi nilipokuwa nazifagia zile sindano niliona ni baraka yenu ndiyo ninayoizoa kwenye beleshi.

Basi Jumapili moja goti likanitoa ibadani mapema. Nimefika, namkuta baba yako, ambaye eti alikuwa na mafua, amechuchumaa mlangoni. Amempa Mkwe mgongo, mkono kaupitisha nyuma, anapapasa shina kwa ukucha! Aliponiona wala hakuona aibu. Akasema, "Ketrina, njoo utazame wewe, mimi siruhusiwi. Nimekwangua ganda. Ndani kukoje?"

Nikainama na goti langu. Ndani kijani kibichi, mwanangu! Na kwenye matawi, vifundo vidogo vimefumba, vizima kabisa. Nilipomwambia, akageuza macho kwenye ule mpichi wetu wa karibu na zizi, ambao kila baridi hubaki mtupu bila jani na hakuna aliyewahi kuulilia. Ghafla akaruka: "Kumbe mkwe alikuwa anabadilisha nguo! Na ninyi siku zote hizi mnaniita nimtazame!"

Sasa wewe na Marlis niwafanye nini? Mmeishi na miti hii, mnajua kwamba baridi ikiingia hujivua, na hamkuona haja ya kusema! Mlituaga kwa maneno mengi, mpaka namna ya kufunga begi mlitueleza. Mngeua watu.

Mwezi huu vifundo vimefumbuka. Sindano mpya laini, kijani cha kupendeza. Alhamisi baba yako alipanda gari hadi Tunduma, akarudi na kitenge cha Zambia, akakizungusha kwenye chungu cha Mkwe na kukifunga fundo kwa mbele. Kisha akasimama, akamtazama usoni, akavaa kofia yake na kuingia ndani kwa mlango wa mbele.

Wangu nao umechipua, ila hauna nguo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba huo si mkwe wake.

Nisalimie sana Marlis. Mama yako anawakumbatia wote wawili, Osea anakusalimu, na Lwitiko anaomba asitajwe. Mungu awalinde huko mliko, awape nyumba yenye kicheko.

Nilitaka kusahau. Vitenge alinunua viwili. Cha pili amekikunja kabatini, na amenikataza nisikuambie, lakini kile hakiendi kwenye chungu. Mlete mkeo apite mlango wa mbele.

Wako akupendaye daima,
Shangazi Ketrina