Kitambaa cha Meza Kimekwenda Misani

Baba watoto,

Usishangae kuona meza iko uchi. Kitambaa nimekichukua mimi. Misa ya kufunga shule ni darasani, altare ni meza mbili za walimu zilizounganishwa, na hawana kingine cha kuzifunika zote mbili.

Chai iko kwenye chupa. Shati lako nimeshalipiga pasi, liko nyuma ya mlango. Muhula uliopita lilining'inia hapo hapo mpaka jioni!

Leo asubuhi kitindamimba wetu alisimama mbele ya kioo akirudia somo la kwanza mpaka sauti ikamkauka. Ndiye msomaji. Akaniuliza, "Baba atakuja?" Wewe ulikuwa unakoroma. Nikajikuta nimemjibu, "Ameshakubali."

~~Kazi ikikubana, si neno.~~ Hapana, hiyo nimeifuta. Makabati ya watu unayoyaunda hayatakimbia.

Misa ni saa nne. Funga mlango wa nyuma. Ya jana usiku tutayamaliza tukirudi, sijasahau. Nitakuwekea nafasi kwa mkoba wangu, benchi la mbele, pale atakapokuona.

Sijawahi kumdanganya huyu mtoto. Usinianzishe leo.

Mama yake