Mashine ya Mkono Imeshinda

Djamila, Bilali,

Nimeenda sokoni. Mboga ya pondu iko kwenye sufuria, ipasheni moto kwanza.

Mlipokuwa mmelala, tonton yenu Lukumani alikuja na mashine yake ya kahawa ya espreso, ile ya umeme ya kubonyeza kitufe, kunionyesha kwamba nilichagua vibaya hii yangu ya mkono. "Mama Djamila, yako ni pampu ya baiskeli!" Akachomeka waya, na kabla maji hayajapata moto, umeme ukakatika mtaa mzima.

Jiko langu la makaa lilikuwa linawaka. Nikachemsha maji, nikamimina kwenye mashine yangu, nikakandamiza mpini kwa mikono miwili. Kahawa ikashuka nzito, na povu juu, kama alivyoipenda papa yenu. Ndiyo maana niliichagua hii: marehemu hakuwahi kuuamini umeme wa hapa Tshopo. Tonton akanywa, kisha akasema, "Bon, shemeji, ongeza." Nikamwongezea, mashine yake ikitutazama.

Mimi nilinywea kikombe cha papa yenu, mara ya kwanza tangu tumzike. Kiosheni taratibu. ~~Kirudisheni kabatini.~~ Kiacheni mezani. Kesho nitakihitaji.

Mama yenu