Kikapu cha Balozi

Ubaruku, Mbarali

Mwanangu Eveline,

Huku tunavuna, na mgongo wangu ni ule ule. Barua hii anakuletea Mwanaidi wa jirani. Naye amepata kazi za ndani huko huko.

Wiki jana balozi wa hiyo nchi uliko alikuja kusaini mkataba wa kununua mchele wetu. Nikachaguliwa kumkabidhi zawadi, kikapu cha mchele mpya. Mwenyekiti wa ushirika akaniita pembeni.

"Mama Eveline, mambo ya paspoti ya mwanao leo tuyaache. Utatuharibia soko."

Nikaitikia. Ila nilikuwa nimeshaandika jina lako na namba ya bosi anayeishikilia paspoti yako, nikaifukia karatasi chini ya mchele. Balozi alikipokea kwa mikono miwili, tukapiga vigelegele.

Jana mke wa mwenyekiti kanirudishia kikapu. Wageni walikiacha ofisini, viongozi wa ushirika wakagawana mchele. Kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, alikitilia maharage.

Alipoondoka niliyamwaga kwenye ungo, nikayapekua moja moja. Yalikuwa maharage tu.

Mama yako,
Veneranda